Wote Wasimamizi

Programu ilimuuliza Betri swali moja tu, na swali hilo lilimtoa jasho: huyu unayemwingiza ni msimamizi, mchangiaji, au msomaji?

Huyu aliyekuwa akiingizwa ni Shangazi Mkubwa.

Betri alikuwa amejikunja kwenye kona ya karakana ya kushona, kati ya majora ya kitambaa na dirisha ambalo halijawahi kufungika vizuri, kompyuta mapajani. Programu ile ya kazi ilikuwa wazo lake. Kwa muda mrefu alikuwa akiwabembeleza shangazi zake kwamba oda, picha za mitindo, vipimo vya wateja na maneno yote ya kazi yakae mahali pamoja, kila jambo katika chumba chake, na kila mtu aone kwenye simu yake badala ya kupiga kelele kuvuka vyerehani. Mwishowe walikubali, hasa kwa sababu hakunyamaza. Jina la Betri hakupewa bure. Tangu utotoni hakuna aliyewahi kumwona ameishiwa chaji.

Sasa swali lilikuwa mbele yake. Msimamizi hufungua na kufunga kila chumba, huingiza watu na kuwatoa. Mchangiaji huandika katika vyumba alivyopewa. Msomaji husoma alichoonyeshwa, basi. Betri alijua wazi kwamba wasimamizi hawatakiwi kuwa wengi. Chuoni aliwahi kulijibu swali hilo kwenye mtihani na akalipata.

Lakini mtihani haukuwa na shangazi ndani yake. Shangazi Mkubwa ndiye aliyemlea, ndiye aliyemshikisha sindano, ndiye aliyeianzisha karakana hii kwa cherehani moja ya mguu. Sasa amwandike mchangiaji, chini yake yeye? Ni sawa na kumvutia mtu mzima kigoda na wewe ukakalia kiti. Vidole vilikataa. Akabonyeza msimamizi.

Akaja Shangazi Mdogo, mpokea wateja, mtu mwenye maneno matamu na kumbukumbu ndefu. Angejua kabla ya jioni kwamba dada yake amewekwa juu yake. Msimamizi. Akaja Pasi, binamu yake, mtoto wa Shangazi Mdogo, ambaye kazi yake ya kupiga pasi ndiyo iliyompa jina. Pasi alimtangulia Betri kuzaliwa kwa mwezi mmoja, na tangu hapo hajamruhusu ausahau mwezi huo. Msimamizi.

Hivyo karakana ikawa na wasimamizi wanne na hakuna hata mmoja wa kusimamiwa.

Jina halisi la programu hakuna aliyelishika. Waliiita Ukumbi, na waliipenda kuliko Betri alivyotarajia. Chumba cha Mikasi kilikuwa cha Shangazi Mkubwa, naye alikijaza picha za vitambaa vilivyokatwa vibaya na maneno makali chini yake. Chumba cha Wateja kilikuwa cha sampuli, ili mteja aone nguo yake inavyoendelea bila kufunga safari. Na kulikuwa na Chumba cha Ndani. Hicho kilikuwa chao wenyewe, cha utani, malalamiko na ujumbe wa sauti wa Pasi, ambaye angeweza kumwiga mtu yeyote aliyewahi kufungua mdomo mbele yake.

Ndipo akaja Metroni.

Hospitali kubwa ya mjini ilikuwa ikitafuta fundi wa kushona sare za wauguzi wote, awamu baada ya awamu, mwaka mzima. Kwa karakana ya shangazi hawa, hiyo ilikuwa mvua baada ya kiangazi. Wao waliishi kwa sare za shule. Shule zikikaribia kufunguliwa, sindano zilitoa moshi; zikishafunguliwa, vyerehani vilifunikwa vitambaa, na mafundi wa chumba cha nyuma walirudi makwao kungoja msimu. Safari hii Shangazi Mkubwa alikuwa amesema neno ambalo hajawahi kulisema: kazi ya hospitali ikikosekana, chumba cha nyuma atakifunga moja kwa moja. Alilisema akiwa amewapa mgongo, akikunja kitambaa ambacho tayari kilikuwa kimekunjwa.

Mwenye uamuzi alikuwa Metroni, mkuu wa wauguzi wote, mama mrefu, mnyoofu kama uzi wa timazi. Alikuja na mchoro wa sare aliouchora kwa mkono wake na futi yake mwenyewe mfukoni. Kila alichopima Shangazi Mkubwa, naye alikipima tena.

"Sentimita moja na nusu, fundi," alisema juu ya pindo. "Si mbili."

"Ndiyo, Metroni."

"Na mchoro mmeuonaje?"

"Mzuri sana, Metroni," walijibu shangazi wote wawili kwa pamoja, kama kwaya.

Mlango ulipofungwa nyuma yake, Chumba cha Ndani kikawaka moto. Pasi alituma ujumbe wa sauti: "Sentimita moja na nusuuu, fundi! Nusuuu!" Shangazi Mdogo akambatiza mteja wao Bibi Sentimita. Shangazi Mkubwa, ambaye huandika kama anavyokata, bila kuinua mkasi, aliandika: "Mama huyu ana futi lakini hana jicho. Mfuko wa kifuani! Muuguzi anainama siku nzima. Akiinama, kalamu, mkasi na kipimajoto vyote vinamwagikia mgonjwa. Mimi nilipolazwa mguu ulipovunjika, muuguzi aliinama kunigeuza, mkasi wake ukanidondokea hapa shingoni. Alama ninayo mpaka leo. Binti wa watu alilia kuliko mimi."

Kisha akatuma picha. Alikuwa ameichora sare nyingine kwa chaki juu ya meza ya kukatia. Mfuko ulikuwa nyongani, umelala mshazari, wenye kifuniko, na nyuma ya bega kulikuwa na mkunjo wa kuufanya mkono upande juu bila kuvuta nguo nzima. Walibishana juu ya sare hiyo kwa siku kadhaa. Pasi alisema mkunjo utakuwa adui wa pasi. Betri alitaka kifuniko kifungwe kwa kubana, kisiwe na kifungo. Ilikuwa sare nzuri, na wote walijua ni nzuri.

"Basi tumwonyeshe," Betri aliandika.

"Mteja akikuletea mchoro wake, unashona mchoro wake," Shangazi Mkubwa alijibu. "Tunataka kazi, hatutaki ubishi."

Na hapo mambo yangebaki, kama asubuhi moja Betri asingerudi Chumba cha Ndani kutafuta ile picha ya mkunjo wa bega. Chini ya kila ujumbe Ukumbi huweka alama ndogo ya jicho, na kando yake nyuso za waliousoma. Betri hakuwahi kuziangalia. Za nini? Wanafahamiana. Lakini asubuhi hiyo jicho lake liliangukia nyuso zile, akahesabu, akahesabu tena. Wao walikuwa wanne. Nyuso zilikuwa tano. Wa tano alikuwa amevaa kofia nyeupe ya hospitali.

Akapandisha juu. Kofia nyeupe. Akapandisha tena. Kofia nyeupe kwenye mkasi wa shingoni, kofia nyeupe kwenye "hana jicho", kofia nyeupe kwenye "nusuuu".

"Shangazi," aliita, na sauti yake mwenyewe ilimshtua. "Shangazi Mdogo, Metroni ulimwingiza Ukumbini?"

"Si ndiyo ulivyosema? Wateja waingie waone sampuli." Shangazi Mdogo alikuwa akihesabu vifungo kwenye sahani na hakuinua kichwa.

"Nilisema waingie Chumba cha Wateja. Ulipomwingiza, uliulizwa ni msimamizi, mchangiaji au msomaji. Ulichagua nini?"

"Mwanangu!" Sasa aliinua kichwa. "Mkuu wa wauguzi wa hospitali nzima, mama wa watu, nimwandike msomaji? Kama mtoto wa chekechea? Mimi nina adabu zangu. Nilimpa cheo kinachomstahili."

Betri alifumba macho. Hakuwa na jiwe la kumtupia mtu. Adabu ile ile ndiyo iliyombonyezesha vidole siku ya kwanza.

"Shangazi, msimamizi anaona kila chumba."

"Kila chumba kipi?"

"Kila. Kuanzia cha mikasi mpaka cha ndani."

Vifungo vikamwagika. Vilibingirika sakafuni mpaka chini ya vyerehani, na hakuna aliyeinama kuviokota. Kutoka meza ya kukatia, Shangazi Mkubwa akauliza polepole, "Amesoma mpaka wapi?"

"Mpaka chini kabisa."

"Na sauti?"

"Na sauti amesikiliza."

Pasi, aliyekuwa nyuma ya wingu lake la mvuke, aliweka chuma chini. "Mimi nahama mji," alisema.

"Huhami popote, mpuuzi wewe," mama yake alimjibu. "Ni mdomo wako uliotufikisha hapa."

"Mdomo wangu? Jina la Bibi Sentimita nani alilitoa, mama? Mimi?"

"Nyamazeni!" Betri alisema. "Naomba mtu yeyote asiguse chochote. Nikae, nifikiri, nione..."

Lakini Pasi hakuwahi kuwa mtu wa kukaa na kufikiri. Alikuwa tayari na simu mkononi. "Tumtoe haraka, bado mapema, huenda hajaamka. Hapa pameandikwa 'ondoa'. Namtoa. Nimemtoa!"

Simu zote zililia kwa pamoja. Betri alisoma kwa sauti, kwa sababu hakuamini macho yake: "Pasi amemwondoa Shangazi Mkubwa."

Shangazi Mkubwa alivaa miwani, akatazama simu yake, akaitikisa kidogo kama mtu anayetikisa saa iliyosimama. "Inasema sina ruhusa ya kuingia." Akaivua miwani. "Nimefukuzwa. Nimefukuzwa kwenye karakana yangu mwenyewe, na mpiga pasi."

"Samahani, mama mkubwa, picha zenu zimekaa karibu karibu! Narekebisha. Narekebisha sasa hivi."

"Usiguse!" Betri aliruka jora la kitambaa.

Simu zililia tena. Pasi amejiondoa.

Alisimama katikati ya chumba, mikono hewani, kama mtu aliyejifungia nje ya nyumba akiwa na taulo tu. Shangazi Mdogo alikuwa ameishika simu yake kwa ncha za vidole, mbali na mwili, kama kifuniko cha sufuria ya moto. Betri aliifikia kompyuta, akaifungua, na kabla hajabonyeza kitu, ikalia yenyewe.

Metroni amemrudisha Shangazi Mkubwa.

Wakatazamana.

Metroni amemrudisha Pasi.

Na chini yake, ndani ya Chumba cha Ndani kabisa, penye utani wao wote, yakatokea maandishi: "Habari za asubuhi. Nakuja leo mchana. Naomba yule kijana wa kuiga sauti awepo."

Pasi alikaa chini, palepale, juu ya vifungo.

"Tufute," Shangazi Mdogo alinong'ona, kana kwamba Metroni aliweza kusikia hata hilo. "Betri, mwanangu, si unaweza kufuta yote? Tuseme ni virusi."

"Naweza, shangazi. Lakini ameshasoma. Tukifuta, tutakuwa tumemtukana na kumdanganya pia."

Wote wakamgeukia Shangazi Mkubwa. Mafundi wa chumba cha nyuma walikuwa wamekusanyika mlangoni, futi zikining'inia shingoni, na walikuwa wamesikia ya kutosha. Shangazi Mkubwa aliwatazama kwa muda. Kisha akachukua mkasi wake.

"Aliyevuliwa nguo huchutama," alisema. "Sawa, tutachutama. Lakini hatutachutama mikono mitupu. Leteni kile kitambaa cha bluu. Amekwisha kula matusi yetu, basi na sare yetu aione."

Karakana ile haijawahi kufanya kazi kama asubuhi hiyo. Shangazi Mkubwa alikata bila kuweka alama. Wawili wa chumba cha nyuma waligawana mikono ya nguo, mmoja wa kulia, mmoja wa kushoto, wakashindana kama farasi. Betri alishona kifuniko cha mfuko, akakifumua, akakishona tena. Shangazi Mdogo, ambaye kazi yake ni maneno, alishika pindo na akasema ni mara ya kwanza katika maisha yake kunyamaza kwa faida. Hata Pasi alimaliza ule mkunjo wa bega kwa unyenyekevu mkubwa, akiunong'oneza, "Lala, baba, lala, usiniaibishe." Mtu mmoja alianza kucheka bila sababu, mwingine akadakia, na ikawa hawawezi kuacha. Kulikuwa na woga ndani ya kicheko kile, lakini kilikuwa kicheko.

Metroni alifika nyuzi za mwisho zikikatwa. Betri alimwamkia, akamvutia kiti. Metroni hakukaa.

"Yuko wapi mwenzangu?" aliuliza. "Yule Bibi Sentimita mdogo?"

Pasi alitoka nyuma ya mvuke akiwa amepungua kimo.

"Niige."

"Metroni, mimi naomba radhi kwa kweli, ilikuwa..."

"Kijana, nina wodi zinaningoja. Niige."

"Sentimita moja na nusu, fundi," Pasi alisema kwa sauti ya mtu anayesomewa hukumu. "Si mbili."

"Unaona? Umekosea. Ile ya kwanza ulivuta sana. Mimi 'nusu' siivuti hivyo. Mimi huikata, hivi: nusu!" Alilikata hewani kwa kiganja. "Wauguzi wangu niliwasikilizisha, wamekufa kwa kicheko, lakini wote wamesema umevuta."

Shangazi Mdogo alipasuka kwa kicheko, mafundi wa mlangoni wakafuata, na Metroni mwenyewe akaweka mkono kiunoni akacheka, kicheko kikubwa kisichofanana na kofia yake.

"Msidhani sikukasirika," alisema alipotulia. "Siku niliyofungua simu nikajikuta humo, nilitaka kwenda kwa fundi mwingine na nisiwaambie sababu. Nikasoma mpaka pale pa mkasi. Dada," alimgeukia Shangazi Mkubwa, "hiyo alama iko wapi?"

Shangazi Mkubwa alivuta kola yake pembeni. Metroni aliinama akaitazama kwa makini, kama atazamavyo kidonda cha leo.

"Walikushona vizuri," alisema. "Lakini hawakutakiwa kuwa na cha kushona. Hiyo sare iko wapi?"

Aliivaa juu ya nguo zake. Alitia kalamu, mkasi na tochi ndogo kwenye mfuko wa nyongani, akafunga kifuniko. Kisha akatazama huku na huku. "Nataka mgonjwa."

Hakuna aliyeuliza ni nani. Pasi alipandishwa kwenye meza ya kukatia, akalazwa chali kati ya chaki na vipande vya kitambaa.

"Mgonjwa huyu anaumwa nini?" Metroni aliuliza.

"Mdomo," Betri alijibu.

Metroni aliinama, akapitisha mkono chini ya mabega ya Pasi, akamwinua, akamgeuza upande, akamlaza, akamgeuza upande wa pili. Mkunjo wa bega ulifunguka na kujifunga kama kiwiko. Hakuna kilichodondoka. Alinyoosha mkono juu kabisa, kana kwamba anatundika chupa ya maji ya mgonjwa, na pindo halikupanda. Alirudia, bila haja, kwa raha tu.

"Mimi mchoro wangu niliuonyesha kwa mafundi wengi," alisema huku akijitazama kwenye kioo. "Wote walisema mzuri sana, Metroni. Hata ninyi. Hakuna aliyeniambia kwamba muuguzi huinama. Mimi mwenyewe nimeacha kuinama siku nyingi, nimekaa ofisini, nikasahau." Akafungua kifungo cha juu, akaivua sare taratibu. "Sare hii ndiyo ninayoitaka. Lakini kazi siwezi kuwapa."

Pasi aliinuka mezani. Shangazi Mkubwa alishika ukingo wa meza.

"Mtaweka vipimo vya wauguzi wote humo kwenye simu zenu, si ndiyo? Vipimo ni mwili wa mtu. Ninaye binti aliyejifungua juzi na anaona haya. Ninaye mwingine aliyefanyiwa upasuaji wa kifua, na hospitali nzima tunaojua ni mimi na daktari wake. Mimi ni mtu wa nje, na nimeingia nyumbani kwenu mpaka jikoni bila mtu kuniona. Nimemtoa nani, nimemrudisha nani, kama nyumba yangu! Leo nimeingia mimi mwenye roho nzuri. Kesho ataingia nani? Siwezi kulaza miili ya mabinti zangu kwenye nyumba isiyo na mlango."

"Mlango upo, Metroni," Betri alisema. "Upo tangu siku ya kwanza. Mimi ndiye sikuufunga. Vipimo vinaweza kukaa chumba chao peke yake, havina jina, vina namba tu. Anayekata aione namba na urefu wa mkono, asijue ni mkono wa nani. Majina tubaki nayo mimi na wewe. Na msimamizi awe mmoja."

"Nani?"

Betri alimgeukia Shangazi Mkubwa. Angetamani sakafu imfungukie. "Shangazi, itabidi nikushushe."

"Unishushe kutoka wapi?"

"Kutoka kwenye usimamizi. Utakuwa mchangiaji. Utaingia chumba chako, cha wateja, cha ndani. Vingine utaniomba."

"Nikuombe wewe." Hakusema kwa ukali. Alisema kama anayepima kitambaa kwa kukisugua kati ya vidole.

"Haiwezekani," Shangazi Mdogo alidakia. "Mtoto akae juu ya aliyemlea? Watu watasemaje?"

"Watu hawamo humo, mama," Pasi alisema. "Ndiyo maana yake. Watu wasiwemo."

Betri alimtazama binamu yake kwa mshangao. Pasi aliinua mabega. "Mimi nimejifukuza mwenyewe leo, dada. Nishushe hata sasa hivi. Huo mwezi mmoja nakusamehe."

"Dada," Metroni alimwambia Shangazi Mkubwa, "kabati la dawa kali hospitalini kwangu, ufunguo hana Metroni. Anao mfamasia, binti aliyezaliwa mimi tayari nina mvi. Nikitaka dawa namwomba, naweka sahihi, nangoja. Na kila asubuhi ananiamkia vilevile."

Shangazi Mkubwa alichukua sindano iliyokuwa imechomekwa kifuani mwa nguo yake, akaigeuza kwenye mwanga wa dirisha.

"Tangu macho yangu yaanze kufifia," alisema, "uzi ananitilia huyu. Kila siku namwita, Betri, njoo unitilie. Sijawahi kuona kwamba nimeshuka. Naona nashona." Akairudisha sindano mahali pake. "Nishushe, mwanangu. Ila polepole. Magoti yangu unayajua."

Betri alibonyeza huku akicheka na macho yamemjaa maji. Simu zililia moja baada ya nyingine, shangazi, shangazi, binamu, na kila iliyolia ilipigiwa vigelegele na chumba cha nyuma, mpaka mpita njia mmoja akasimama dirishani akiuliza kama kuna bibi harusi. Wa mwisho alikuwa Metroni. Alijitazama akigeuka msomaji wa Chumba cha Wateja peke yake.

"Nitayakosa ya Chumba cha Ndani," alisema, na sauti yake ilikuwa na majonzi ya kweli.

"Ukija kupima nitakuigia ana kwa ana," Pasi alimwahidi. "Na 'nusu' nitaikata."

Metroni alikunja mchoro wake wa zamani, akautia mkobani. Alitoa futi yake, akapima pindo la sare mpya.

"Moja na nusu," alisema. "Anzeni na wodi ya watoto."

Chumba cha nyuma hakikufungwa. Shule zilifunguliwa, msimu ukapita, na vyerehani havikuvalishwa vitambaa. Bluu ilijaa kila mahali, kwenye meza, kwenye viti, kwenye nywele za Pasi. Betri aliwekewa meza yake karibu na dirisha, nayo ilikuwa na sheria zake. Shangazi Mdogo alizijaribu zote mwezi wa kwanza, moja moja, kisha akawa mlinzi wake mkali kuliko mwenye meza.

Adhuhuri moja, vyerehani vikiwa vimepumzika, Shangazi Mkubwa alisimamisha mkasi katikati ya kitambaa.

"Hodi!" aliita kutoka meza ya kukatia.

"Nani?" Betri alijibu bila kugeuka.

"Mwenye karakana."

"Una shida gani, mwenye karakana?"

"Namba kumi na nne. Mikono mirefu kama ngazi. Nimekata, nikaongeza, nikaongeza tena. Ni nani huyu?"

"Urefu haujakaa sawa? Nikupimie tena?"

"Urefu uko sawa. Nataka kujua tu."

Chumba cha nyuma kilikuwa kimeshaacha kuzungumza. Betri aligeuka kwenye kiti chake.

"Kujua tu hakufungui mlango, shangazi."

Shangazi Mkubwa aliweka mkasi chini kwa kishindo. "Mmesikia?" aliwapigia kelele mafundi wote, uso umemng'aa kama anayetandaza jora jipya mbele ya wateja. "Mmesikia anavyonijibu huyu? Mimi ndiye niliyemlea!"